Vidole vya Mkurugenzi

Fundi wa maabara alikuwa ameshuka mgodini mara arobaini na moja. Mkurugenzi wa utafiti, bwana aliyemwoa mdogo wake, hakuwahi kushuka hata mara moja. Leo mgongo, kesho mkutano, keshokutwa kifua hakitaki vumbi. Fundi alizisikiliza sababu zote huku akisuuza chupa, wala hakujisumbua kuficha jinsi alivyomdharau.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujionyesha. Kilomita mbili na nusu chini ya ardhi, kwenye mwamba wa moto, palikuwa na ufa uliotoa maji tone kwa tone. Maji hayo yalifungiwa humo tangu kabla binadamu hajakuwepo duniani. Ndani yake waliishi bakteria wasiojua jua wala hewa, wanaokula kinachotoka kwenye jiwe, na huenda mmoja wao hugawanyika mara moja tu katika miaka mia. Kuwanasa kulitaka subira, chupa zilizochemshwa, na glavu mbili juu ya kila mkono.

"Maji matupu," mkurugenzi alisema kila alipoonyeshwa vidoa vichache kwenye darubini. "Shemeji, miaka minne unaniletea maji matupu."

Siku waandishi wa habari walipokuja, mgongo wake ulipona. Alishuka kwenye lifti ya wachimbaji akiwa amefumba macho, ameng'ang'ania mkono wa mchimbaji mmoja kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Mbele ya kamera akafumbua, akavuta tumbo ndani, akajifuta jasho usoni kwa kiganja. Kisha akachukua chupa, akaingiza vidole viwili kuondoa vumbi ambalo halikuwemo, akaikinga penye ufa.

"Glavu, shemeji," fundi alimwambia kwa sauti ya chini.

"Zinaharibu picha."

Chupa hiyo ndiyo aliyoamuru ipelekwe kusomwa vinasaba. Majibu yaliporudi yalikuwa yamejaa uhai tele. Mkurugenzi akawa anapita kwenye korido kifua mbele, na tayari alikuwa amekichagulia kiumbe chake jina, linalofanana sana na la kwake. Fundi alisoma orodha ya bakteria waliopatikana mara mbili, akaenda ofisini kwa mkurugenzi na kufunga mlango.

"Hawa wanaishi kwenye ngozi ya mtu. Wengine ni wa puani. Umepeleka vidole vyako vikasomwe."

"Huo ni wivu, shemeji. Nimeshuka mara moja tu nikapata. Wewe umejiuliza kwa nini hupati?"

Fundi alilitazama shati jeupe la shemeji yake, lililopigwa pasi na mdogo wake, akatoka. Angeweza kwenda kwa wakubwa siku hiyohiyo. Hakwenda. Ukweli ni kwamba alitaka shemeji yake aanguke kutoka juu zaidi.

Watafiti wageni walifika, ukumbi ukajaa. Mkurugenzi alipomaliza kusifia kiumbe chake, mama mmoja mwenye mvi aliyeketi mbele akanyoosha mkono.

"Maji ya ufa huo yana joto la nyuzi sitini. Bakteria hawa hufa kabla ya hapo. Wanaishije?"

Mkurugenzi akakohoa, akamgeukia fundi. "Labda msaidizi wangu hakusafisha chupa vizuri."

Fundi alikuwa amekuja akiwa ameazimia kukaa kimya. Akasimama.

"Chupa ilikuwa safi. Kilichokuwa kichafu ni mkono. Picha ilitoka gazetini, vidole vinaonekana vimo ndani."

Watu wakatoa simu, wakaitafuta. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele polepole. Mkurugenzi akanywa maji, akanywa tena, glasi ikiwa imeshaisha.

"Na wewe, chupa zako zina wangapi?" yule mama aliuliza.

"Kama mia tatu kwa lita."

"Basi hao ndio waliotuleta."

Jioni mdogo wake alipiga simu. "Dada, umemvua nguo mume wangu mbele za watu."

"Nilimwambia avae glavu."

"Sitanii."

"Wala mimi." Alikuwa anadanganya, mchana huo alijifungia stoo ya kemikali akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mdogo wake akakata simu, na miezi mitano ikapita bila salamu. Hilo lilimuuma fundi kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mkurugenzi hakufukuzwa. Watu wa namna yake hawafukuzwi, wanahamishiwa kwenye viti laini zaidi. Alipewa idara ya kupokea wageni. Ripoti ya wale mia tatu ilipokuwa tayari, aliandika barua ya kurasa mbili akiomba jina lake liwemo. Fundi alilitia mwisho kabisa, chini ya mwendesha lifti.

Mkurugenzi akatuma ujumbe wa kushukuru. Mdogo wa fundi bado hakupiga simu.