Fundo la Tatu

Ramani ya dunia ilifunika ukuta mzima wa kulia wa kanisa. Kutoka Dar es Salaam zilichomoza nyuzi kumi na moja nyekundu, kama mishipa ya damu, na kila uzi uliishia kwenye picha ya mmisionari aliyetumwa na usharika ule wa Kariakoo. Nyuzi kumi ziliishia kwenye nchi zenye majina. Wa kumi na moja uliishia jangwani, mahali palipobandikwa kipande cha karatasi nyeupe ili jina la nchi lisisomeke. Huko kuhubiri ni kosa la jinai, na huko ndiko alikokuwa Athanas, kaka yake Leticia.

Leticia aliuchukia uzi ule, tena aliuchukia akiujua vizuri, kwani ulitoka mezani kwake. Alikuwa akiuza nyuzi, zipu na vifungo katika Mtaa wa Kongo. Akikata uzi kwa meno, alijua papo hapo kama utavumilia cherehani au utamwaibisha fundi.

Usharika ulikuwa na desturi yake. Mmisionari hatumwi bila mkono wa nyumbani. Kila mwaka, Jumapili ya Misheni, ndugu yake huitwa mbele, uzi wa zamani hukatwa, naye hufunga mpya. Akifunga, mmisionari huongezewa mwaka. Asipofunga, hurudishwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kukataa kufunga. Nani angesimama mbele ya watu mia nne na kumnyima Mungu?

Leticia alikwisha kufunga mara mbili. Mara ya kwanza alifunga kwa aibu, maana hakuzoea kutazamwa. Mara ya pili alifunga kwa hasira. Siku hiyo Mama Benedikta, katibu wa Kamati ya Misheni, alikuwa amesoma barua ya Athanas kwa sauti yake ya kengele: "Kanisa ndilo mama yangu sasa." Watu wakapiga makofi. Mama yao, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na ukungu, akainamisha uso na kuanza kuhesabu vidole vyake kama mtu aliyepoteza kimoja. Leticia akaukaza uzi hadi ukamkata kidole. Kaa huko huko, alisema moyoni. Watu wakasema, tazameni furaha ya dada yake.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwaka wa tatu.

"Shoga, unawapelekea tena?" aliuliza Sitara, muuza khanga wa meza ya pili, alipomwona akichagua kidonge chekundu cha uzi. "Kaka wamekuchukulia, na kamba ya kumfungia unawapa wewe!"

"Aliondoka kwa miguu yake."

"Wote huondoka kwa miguu yao. Kurudi ndiko kwenye maneno."

Leticia alifunika meza yake kwa turubai, akaenda kanisani, ambako kina mama walikuwa wakifagia na kupamba. Alimkuta Mama Benedikta amesimama juu ya kiti akining'iniza maua ya karatasi.

"Shikamoo, mama."

Mama Benedikta hakuitikia marahaba. "Umechelewa. Chukua kitambaa ufute ubao wa barua. Vumbi la Kariakoo limewafunika watumishi wa Mungu, na ndugu zao wako sokoni wanapunja watu zipu."

Wanawake wakacheka. Leticia akachukua kitambaa.

Barua za wamisionari zilibandikwa kama zilivyokuja, kwa sababu waumini walipenda kuona mwandiko wa mkono. Za Athanas zililetwa na wasafiri. Simu za huko zinasikilizwa, familia iliambiwa. Leticia hakuwahi kuisogelea barua yake yoyote. Aliishia darasa la tano, kusoma kwake kulikuwa kwa kupapasa, na alichokisikia mimbarini kilimtosha. Leo, alipopitisha kitambaa juu ya barua ya karibuni ya Athanas, kidole chake kiligusa unene. Sehemu ya chini ya karatasi ilikuwa imekunjwa kwa nyuma na kubanwa kwa pini mbili.

Aliinua pembe. Akapapasa neno kwa neno, midomo ikichezacheza, na jasho likamtoka kama mtu aliyebeba gunia. Alipofika mwisho, alirudi mwanzo, akitumaini kuwa amekosea.

Hakuwa amekosea.

"Mama," alisema, "huku chini mbona hamkusoma?"

Kufagia kukakoma. Mama Benedikta akashuka kitini polepole.

"Hayo ni ya kamati."

"Ni ya kaka yangu."

"Kaka yako ni askari. Askari akilia, kilio chake hakipelekwi kwenye gwaride." Alimsogelea mpaka Leticia akasikia harufu ya karafuu kinywani mwake. "Unajua ni miaka mingapi tumeomba mlango wa nchi ile ufunguke? Roho za watu wa kule zitadaiwa kwako? Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi barua waachie waliomaliza. Kesho utafunga uzi wako, utakaa chini. Na mama yako usimsumbue, ni mgonjwa."

Leticia aliinama, akaendelea kufuta. Alifuta hata palipokuwa safi.

Jumapili alimleta mama yake kwa bajaji kutoka Ilala, akamketisha benchi la mbele. Nyuzi kumi zilifungwa kwa vigelegele. Jina la Athanas lilipotajwa, mchungaji alikata uzi wa zamani, nao ukaanguka sakafuni bila kishindo. "Mungu ambariki dada huyu," alisema, "anayetoa mara ya tatu."

Leticia alisimama na kidonge mkononi. Watu mia nne walimtazama, na kila jicho lilikuwa na uzito wake. Alikiweka kidonge juu ya meza ya Bwana. Akaenda kwenye ubao, akachomoa pini ya kwanza, akachomoa ya pili. Karatasi ikajikunjua, ikawa ndefu maradufu.

"Rudi mahali pako, binti," Mama Benedikta alinong'ona kwa ukali. "Usitutie aibu."

Leticia akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"'Ha-yo ya juu... ndiyo mliyotaka ni-ya-andike.'" Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nyuma kabisa mtu alicheka. "'Hii ni mara ya tatu na-omba kurudi. Na-umwa. Kila niki-omba, mna-niambia dada yangu ame-funga uzi... kwa furaha. Basi nikajua... nikajua nyumbani...'"

Mama Benedikta aliinua mkono kwa wanakwaya. Pambio likalipuka, ngoma na makofi, likaifunika sauti ile kama maji yanavyofunika jiwe. Leticia hakukiondoa kidole. Alikibana palepale, juu ya neno alilofikia, asije akapotea.

Kwenye benchi la mbele, mama yake alishika fimbo, akajinyanyua. Alisimama akiyumba, akaifungua khanga iliyofunika masikio yake, akaiacha ianguke mabegani. Wa kwanza kunyamaza walikuwa wanawake wa sauti ya kwanza, waliomwona. Kisha ngoma. Mwishowe alibaki mzee mmoja aliyekuwa akiimba amefumba macho, naye akashtuka, akakoma katikati ya neno.

"Mnapiga kelele," alisema mama. "Simsikii mwanangu."

Kidonge chekundu kilibingirika, kikaanguka kutoka mezani, kikaenda kikifunguka chini ya mabenchi, na hakuna aliyeinama kukiokota.

"Leti," mama aliita, uso ameuelekeza kule sauti ilikotoka. "Rudia hapo kwenye nyumbani."

Leticia akavuta pumzi, akakirudisha kidole mwanzo wa mstari.