Sajini na Viatu vya Mtumba

Elias alipopunguzwa kazi kiwandani, alianza kuuza viatu vya mtumba nyumbani kwake Mkolani. Sajini, mbwa wake wa miezi mitano, naye akaanza kuviiba. Kila asubuhi alichomoka na kiatu kimoja mdomoni, na Elias akamkimbiza kuizunguka nyumba huku akifoka.

Siku moja mkewe, Akelo, aliweka kigoda mlangoni akatazama mbio zile, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Winnie, unamfundisha mbwa, au yeye ndiye anakufundisha?"

"Anatafuna mtaji wetu huyu!"

"Anataka mchezo tu, na wewe humwangushi. Hebu simama, umpe mgongo."

Elias alikubali shingo upande, akasimama akihema. Sajini alimzunguka, akamchungulia usoni, akangoja. Mwishowe alikiweka kiatu chini, na papo hapo Akelo akamtupia kichwa cha sato.

Baada ya wiki mbili za kupewa mgongo, Sajini aliacha wizi kabisa. Aliyebaki mnyonge alikuwa Elias, ambaye asubuhi alizurura uani bila shughuli.

"Kama mbio umezizoea," Akelo alimwambia, "ndoo hiyo hapo. Kimbia kisimani."