Makaa ya Mawe ya Alfonsi

Operesheni ya Serikali ya kuhamishia watu vijiji vipya ilipofika upande wa Kaengesa, Alfonsi alikuwa na shida moja tu: mama yake, bibi Cornelia, asihamishwe. Bibi alikwisha sema atazikwa ubavuni mwa mumewe, pale nyuma ya nyumba, na sote tulijua, maana alilisema hata ukimwomba chumvi.

Basi Alfonsi akakumbuka makaa ya mawe yaliyojitokeza kwenye korongo la shamba lake. Akamwendea Lutengano, mtu wa Mbeya mwenye duka mjini. Huyo akamfundisha: asiuze shamba, akodishe makaa tu, tena asimkubalie mtu wa kwanza, awaite wengi siku moja washindane kwa bei. Nyumba yenye mgodi, alisema, nani ataihamisha.

Pombe ya ulezi ikapikwa, wanunuzi wakaitwa, tukajaa kama harusini. Ili wageni waione mali, Alfonsi alikuwa amefukua shamba zima, matuta yenye ulezi uliokwisha kuchanua akayapasua, mashimo kila upande. Jirani yake Zenon akamtania kwamba anawinda fuko. Tukacheka. Mgeni mmoja akataja bei, mwingine akapandisha, na Alfonsi akamgeukia mama yake akitabasamu.

Ndipo Tuntufye, karani wa ofisi ya madini, aliyekuwa kimya na kibuyu chake, akamvuta kando. Lakini sisi masikio tunayo.

"Shikamoo, baba. Usipokee kitu cha mtu. Mawe ya chini ni ya Serikali, wa kukodisha ni wao. Chako ni kulima huku juu."

"Huku juu nimeshafukua, mwanangu."

Wageni waliondoka pombe haijaisha.

Wiki ile ile watu wa operesheni wakaja. Mwenye mazao shambani aliambiwa abaki mpaka avune. Zenon akabaki, nasi tukabaki. Kwa Alfonsi waliona mashimo. Lori likapakiwa palepale. Bibi alipandishwa na kigoda chake, akiuliza ulezi wao umekwenda wapi.

Mavuno hakuyaona. Alifia kijiji kipya, kaburi lake likawa la kwanza pale, peke yake uwandani. Matangani baridi ilikuwa kali, Alfonsi akaleta gunia la makaa yale, akayawasha katikati yetu. Hata Zenon akanyoosha mikono. Tukaota moto. Yaliwaka vizuri, hilo nalo lazima lisemwe.