Korongo Namba Moja

Élie, agronomu, yaani bwana shamba, wa mradi wa kupanda miti, alikuja na ramani yake ya rangi tatu, akaitandaza juu ya kiroba cha muhogo katikati ya shamba. Penye rangi nyekundu ndipo pa kuanzia. Miche ya miti ilitosha sehemu moja tu, na sehemu hiyo, alisema, ni korongo linalokula shamba alilokodi Renilde chini ya kilima cha mzee Isidore, mwenye ardhi, nje kidogo ya mji wa Baraka, Kongo. Tukichelewa, kilima chote kitakuwa jangwa.

Renilde, mkimbizi wa Burundi na mkulima tangu utotoni, hakuhitaji rangi. Kwa misimu miwili korongo lilikuwa limemmezea mistari kumi ya muhogo. Kwa hiyo hakungoja kikao cha kugawa miche. Jumamosi alichukua miche ishirini kwenye kitalu cha mradi, akaipanda ukingoni. Hapo ndipo alipojiponza, maana mpangaji hupanda muhogo, hupanda maharage, lakini mti hapandi. Anayepanda mti anasema ardhi ni yake.

Isidore alifika na panga, nyuma yake majirani, na Élie na ramani yake.

"We mama, nilikukodisha shamba ya muhogo. Kilima ulinunua siku gani?"

"Sikununua, Papa Isidore. Udongo iko inaenda! Angalia mwenyewe, muhogo iko inaanguka ndani ya shimo."

"Iende! Iko udongo yangu! Bageni tunabapa mahali ya kulima, kesho banatuonyesha mupaka."

Élie akakohoa. "Papa, hapa ndiyo priorité namba moja, ndiyo pa kuanzia..."

"Priorité ni mimi! Ngoa, mama. Na mikono yako. Ao utoke leo."

Renilde aling'oa. Alimchukia mzee yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Miche akailaza mchangani, mizizi wazi, jua la saa sita likiipiga. Isidore naye akahutubia. Alianza na babu yake aliyefyeka kilima kile, akawapitia wageni wote waliowahi kukodi kwake, mmoja mmoja. Alipochoka, alimwamuru Élie aandike jina lake kwenye ramani, kisha akainama na kuanza kupanda miche ile ile kwenye mashimo yale yale.

"Sasa iko miti yangu," alisema. "Na we, ukimaliza kuvuna, tafuta mahali ingine. Shamba yenye miti nitalima mwenyewe."

Renilde aliitazama mizizi. Ilikuwa imesinyaa, imekauka kama nyuzi za kiroba. Mche wa namna hiyo haushiki hata uumwagilie ziwa zima. Élie angeliona hilo, lakini alikuwa ameinamia ramani, akiandika jina kwa mwandiko mzuri. Kitalu bado kilikuwa na miche mizima kwa ajili ya korongo hilo hilo. Neno moja tu lingetosha ili iletwe.

"Panda tu, Papa Isidore," alisema Renilde. "Iko inapendeza."