Bi Manubia Amepanda

Kijiji kizima kilimwangalia Bi Manubia. Mbegu za nyanya na pilipili zilisiwa Januari, miche ikakaa kitaluni chini ya nailoni ikingoja siku atakayotoka yeye na kijembe chake. Akipanda, wote wanapanda. "Hajati ana mkono!" walisema, naye akitabasamu tu, maana sifa tamu, jamani.

Ukweli aliujua peke yake. Mambo ya majira hakuyajua hata chembe. Alichojua ni kumtazama Bwana Ferjani, mgane wa ng'ambo ya barabara, mpweke kama yeye, aliyeshinda na joho lake zito la sufu tangu baridi ianze. Siku Ferjani anapolivua na kutoka na shati, kesho yake Bi Manubia anapanda. Miaka nenda miaka rudi, hakukosea.

Mwaka huu Ferjani akaoa. Mke mwenyewe, Dalenda, mtu wa mjini, mdomo hauna breki. Machi haijakolea, Ferjani huyo, na shati! Bi Manubia alisita kidogo. Mapema yote hii? Lakini shati ni shati. Akapanda, na kufika Ijumaa vitalu vyote kijijini vilikuwa vitupu.

Jumapili alasiri upepo ukageuka, ukaja wa mlimani, baridi kama kisu, na anga ikatakata. Bi Manubia akavuka barabara kwenda kuomba chumvi, akalikuta joho kambani linachuruzika maji.

"Dalenda mwanangu, joho limefanyaje?"

"Usiniambie, mama! Lilikuwa linanuka kama zizi. Nilimvua kwa nguvu, tangu siku hiyo anatetemeka na kunilalamikia. Naloweka, nafua, maji bado meusi!"

Bi Manubia akaisahau chumvi. Kumbe kijiji kimepanda kwa sababu ya sabuni! Na nyumba ngapi msimu ule zilitegemea miche hiyo tu? Angeweza kujifungia ndani, kesho akamsingizia Mungu. Aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini akapanda juu ya paa, akakaza kilemba, akapaza sauti: "Funikeni miche! Nimekosea! Usiku huu baridi itaunguza!"

Watu walitoka mbio! Vyungu vya kuskusi, mabeseni, ndoo, mablanketi ya harusi, vyote vikaenda shambani. Ferjani naye alibeba magunia, meno yakimgongana.

Asubuhi jalidi, umande ulioganda, ilikuwa imetanda, nyeupe pe. Walipofunua vyungu, miche ilikuwa wima. Vigelegele vikapigwa, watu wakamzunguka Bi Manubia.

"Hajati anaijua baridi kabla haijafika!"

"Sijui kitu!" akafoka. "Acheni kunisifu bure! Miaka yote namwangalia Ferjani. Akivua joho, mimi napanda. Basi!"

Ferjani akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Miaka yote hiyo unaniangalia," akasema polepole, "na hata siku moja hukunibishia hodi?"

Bi Manubia akainama, akaanza kukusanya vyungu visivyo vyake. Swali lilikuwa limemchoma.

Aliyeangua kicheko ni Dalenda. "Pole mama, umechelewa!" akasema, akamshika mkono na kumvusha barabara. "Lakini chai ipo. Njoo umwangalie kwa karibu, mimi sina wivu."

Bi Manubia akaenda, anacheka huku anafuta machozi.