Finjani Iliyowekwa Chini

Injini ya pikapu yao ilianza kuchemka pale mawe meusi yanapoanza, mashariki ya mji wa Mafraq, na hema la Abu Ghalib ndilo lililokuwa karibu. Mutlaq alilijua. Jangwa hilo ndiko alikozaliwa. Sufyan alizaliwa mjini Zarqa, ghorofani, juu ya duka la viatu.

"Akikupa kahawa, usinywe," Mutlaq alisema. "Iweke chini mbele yako. Itambidi akuulize una haja gani. Akikwambia 'kunywa kahawa yako', basi umeingia katika hifadhi yake, hata kama umeua."

"Na nikinywa?"

"Ukinywa ukatikisa finjani, umetosheka. Huombi kitu."

"Kila siku unanigombeza kwa kunywa kahawa nyingi, leo ndiyo unanipeleka nikaitazame tu."

Mutlaq hakucheka. Aliyekufa alikuwa Ramiz, kaka yake Sufyan. Aliwakuta pamoja kitandani, akachomoa kisu, na Mutlaq akampiga risasi. Sufyan akafunga mlango kwa ufunguo. Majirani waligonga mpaka Ramiz akaacha kupumua. Kati ya Mutlaq na Sufyan, hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema anajuta. Ami zake Sufyan walikuwa barabarani wakiwasaka tangu maziko.

Abu Ghalib aliwapa maji ya injini kwanza, kisha akawaketisha kwenye mazulia. Alimimina kahawa kwa mkono wa kushoto, akatoa finjani kwa mkono wa kulia. Mutlaq aliiweka yake chini. Sufyan aliishika yake mkononi.

"Kahawa imekukosea nini, mgeni?"

"Nina haja, Abu Ghalib. Nimeua mtu wa Zarqa. Alinijia na kisu."

Mzee aliliweka dele la kahawa pembeni ya moto.

"Watu wa Zarqa wamepita hapa asubuhi, wakaelekea mashariki. Mzee wao alikuwa akilia. Mwenye damu nitamhifadhi, damu ina mapatano yake. Lakini wao wanatafuta wanaume wawili, na wameniambia kila mmoja ni nini kwa mwenzake. Watu wa namna hiyo siwapi hata kivuli cha ngamia wangu." Akamgeukia Sufyan. "Na wewe, kijana, huyu ni nani yako?"

Mutlaq alikuwa ameandaa jibu: binamu yangu. Lakini Sufyan angefungua kinywa mara moja tu, na Zarqa yote ingesikika katika lafudhi yake.

Sufyan aliinywa kahawa kwa mkupuo mmoja. Akanyoosha finjani, akaitikisa kwa nguvu kama mtu anayepiga kengele.

"Mimi? Mimi dereva tu, mzee. Nimemwokota njiani, na tangu hapo hajanitolea neno. Afadhali ningepakia mbuzi. Lo, kahawa yako chungu!"

Abu Ghalib alicheka mpaka akakohoa. "Watu wa mjini! Nenda salama, mwanangu." Kisha akamwambia Mutlaq, "Kunywa kahawa yako. Umepata."

Kuanzia hapo Mutlaq hakuweza kuvuka kamba za hema bila kuivunja hifadhi. Wala hakuweza kumwita Sufyan. Jina tu, jinsi angelitamka, lingetosha kuwafichua.

Sufyan alijaza maji, akashusha begi la Mutlaq na kuliweka karibu na kamba. Alivua shingoni kitambaa chekundu cha Mutlaq, akakikunja, akakilaza juu ya begi.

"Haya, bwana," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Angeweza kurudi magharibi. Alielekea mashariki, waliko ami zake. Wakimpata yeye, hawatarudi kuuliza kwenye mahema. Mutlaq alilielewa hilo pikapu ilipokata kona. Vumbi lake lilionekana kwa muda mrefu, kwa sababu huko hakuna kitu kingine cha kuonekana.

Aliinywa kahawa. Ilikuwa imepoa. Abu Ghalib akamimina tena, naye akanywa, macho yake nje. Mzee akamimina tena, na tena.

"Tikisa, mwanangu," alisema mwishowe. "Dele limekwisha."