Mzoga Uliotiwa Dawa

Natabo alikuwa amewahi kupoteza mbuzi kwa kiangazi, kwa ugonjwa na kwa wezi, lakini hakuwa amewahi kukasirika kama alivyokasirika mwaka wa sabini na nane, na aliyemkasirisha alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Alikuwa mjane, akiishi nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande wa Ngare Mara, na mbuzi walioachwa na marehemu baba yao. Mbuzi walikuwa wake na wa kaka yake, Ekeno. Ekeno alikuwa na bucha mjini, mtaa wa Bulla Pesa, na alifika bomani mara mojamoja tu kuchagua wa kuchinja. Kuchunga, kukamua na kuamka fisi wanapolia, yote hayo yalikuwa ya Natabo.

Mwaka huo fisi mmoja jike alilizoea boma. Alijua pale ua wa miiba ulipolegea, na kila alipopita aliacha mbuzi amepasuliwa tumbo. Natabo na jirani yake Lokwang wakajenga mtego wa mawe, kijumba chembamba ambacho mnyama huingia akifuata nyama, akiivuta, jiwe la mlangoni linaanguka nyuma yake. Wa kwanza kunaswa alikuwa mbweha. Natabo aliinua jiwe, mbweha akatoka mbio bila kugeuka nyuma. Siku nyingine mtego ulikuwa mtupu. Lokwang alisema fisi ni mwoga wa kitu kipya, atazoea. Natabo akakubali kungoja.

Ekeno hakukubali. Alipofika na kukuta mbuzi mwingine ameuawa, alizunguka ule mtego akiupiga teke kwa ncha ya kiatu, akamwambia dada yake kwamba anacheza na mawe huku mali ya baba inaisha. Alisema watu wenye akili wanatumia dawa. Natabo alimjibu kwamba dawa haichagui, kila atakayeonja atakufa, awe fisi au awe ndege. Ekeno alicheka, akauliza ni lini ndege alimletea mtu maziwa. Natabo alidhani maneno yameishia hapo. Akawafungulia mbuzi, akaenda nao malishoni.

Ekeno alibaki. Alikuwa amebeba chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akauburuta ule mzoga wa mbuzi hadi kwenye korongo, akauchanjachanja kwa kisu, akamimina dawa yote ndani ya nyama, kisha akarudi mjini bila kumwambia mtu.

Jioni, akirudi na mbuzi, Natabo aliwaona tai. Walikuwa chini, wengi, kando ya korongo. Wengine walikuwa wamelala kifudifudi, mabawa yamefunguka kama nguo zilizoanikwa. Mmoja alijaribu kuruka, akaanguka kwa kichwa, akajaribu tena. Mbwa wake, aliyekuwa ametangulia, alikuwa ameshaanza kutapika. Natabo alimmiminia maziwa mdomoni, lakini taya zilikuwa zimekaza na maziwa yakamwagika mchangani. Alifia mikononi mwake.

Hapo ndipo alipoinuka kwenda kuutazama mzoga. Aliijua ile harufu ya dawa. Alitaka kuufunika kwa miiba kwanza, ndipo akaona kwamba paja moja la nyuma halipo. Halikung'olewa na meno. Lilikuwa limekatwa kwa kisu, likakatwa vizuri kwenye kiungo, kama anavyokata mtu anayekwenda kupika.

Natabo aliwaacha mbuzi nje ya boma na kukimbia.

Kwa Lokwang hawakujua lolote. Kwa Margaret, jirani mwingine waliyemwita Mama Nangiro, aliyekuwa akilea watoto peke yake na kuuza makaa, moshi ulikuwa unatoka na watoto walikuwa wamekaa wakizunguka moto. Natabo hakusalimia. Aliipiga teke sufuria, mchuzi ukamwagika juu ya moto, nyama ikabiringika kwenye majivu. Mtoto mdogo alinyoosha mkono kuiokota, Natabo akampiga mkono.

Margaret alisimama. "Mama, hawa hawajakula tangu jana," alisema. "Kama umeninyima hata nyama iliyoachwa na fisi, ungesema tu."

"Iko na sumu," Natabo alisema. "Kuna mtu ameonja?"

Margaret alitazama sufuria, akawatazama watoto mmoja mmoja, akiwauliza na kuwauliza tena. Hakuna aliyekuwa ameonja. Akaketi chini palepale na kuufunika uso kwa kanga. Natabo alisugua mikono ya kila mtoto kwa majivu na maji, kisha akarudi kuwakamulia mbuzi, akawaletea maziwa.

Asubuhi wanawake hao wawili walikwenda Bulla Pesa. Natabo alibeba tai mmoja ndani ya gunia. Bucha lilikuwa na wateja. Alimlaza yule ndege juu ya meza ya kukatia nyama, na Ekeno, akiona watu wanatazama, alimwambia kwa sauti ya chini wazungumze nje.

"Tutazungumza hapa," Natabo alisema. "Huyu ni Mama Nangiro. Jana alikuwa anawapikia watoto wake ile nyama uliyotia dawa. Mwambie yeye ni lini ndege alileta maziwa."

Ekeno alisema hakujua kwamba mtu angeweza kuokota mzoga. Margaret akamjibu kwamba mtu asiye na njaa hawezi kujua. Wateja walitoka mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho aliirudisha nyama aliyokuwa ameshafungiwa kwenye gazeti.

Siku hiyohiyo Ekeno alichimba shimo korongoni. Lokwang alitaka kumsaidia, Natabo akamkataza. Ekeno aliwabeba tai wote kwa mikono yake, akambeba na mbwa, akamalizia na mzoga, akavichoma vyote kabla ya kufukia. Fisi mwenyewe hakuwa miongoni mwao. Hakuwa amefika kabisa.

Alinaswa kwenye mtego wa mawe kabla ya mvua, na Lokwang akamaliza kazi kwa mkuki. Habari zilipomfikia Ekeno, alikuja akiwa na sukari na majani ya chai, akasema yamekwisha. Natabo alipokea sukari, akamwambia wagawane mbuzi. Aligawa mwenyewe, kwa haki, kisha akamfungulia kaka yake ua ili awatoe walio wake.

"Na utawachunga wewe," alimwambia.

Mvua iliponyesha, mbuzi mmoja mwenye mimba hakurudi. Zamani Natabo angetazama juu aone tai wanazunguka wapi, ajue pa kwenda. Alitembea mchana kutwa chini ya mbingu tupu, akimtukana Ekeno kwa jina, na mbuzi hakumpata.